Kiangazi Ndani ya Tela

Jumapili, 15 Juni 1997

Naanza kuandika leo kwa sababu hapa hakuna mtu wa kugombana naye, na mimi nisipogombana na mtu siku nzima naumwa kichwa.

Tumefika mchana. Dereva wa pikapu aliyelivuta tela kutoka Butimba alilifungua kwenye ndoano, akaitazama mbuga pande zote, akaniuliza, "Mama, una hakika ni hapa?" Nikamwambia ni hapa. Akauliza kama mzee anafuata nyuma. Nikamwambia mzee hafuati, na yeye aende zake kabla vumbi halijamwingia kwenye injini.

Mzee ni Alexander, mume wangu. Tangu kiwanda cha nguo kiuzwe na mimi kupunguzwa kazi pamoja na mashine niliyokuwa nashonea, ananitazama kama mgonjwa anayekaribia kupona. Nilipopata kiinua mgongo changu nilikwenda mnadani, nikarudi na tela la hema lililoachwa na wazungu waliokuwa wakitafuta dhahabu. Likikunjwa ni sanduku la bati lenye magurudumu mawili. Ukizungusha mkono wake paa linapanda, unavuta kitanda kimoja huku na kingine kule, turubai linajikunjua, na una nyumba yenye meza na kabati. Alexander alilizunguka. Kisha akasema, "Wilhelmina, watu watatuonaje?"

Watuone wanavyotaka. Kijiji hiki cha njia ya Magu kilitupa kiwanja mwaka jana, kwenye mwinuko kando ya barabara, mahali pekee ambapo maji hayafiki mbuga ikijaa. Sharti lilikuwa moja: kiwanja kikaliwe kabla ya mvua za vuli, la sivyo kinarudi kijijini. Kujenga hatukuweza. Mwaka huu jua limekausha hata lambo, tope la matofali litatoka wapi? Alexander akasema basi, tukiache. Mimi nikasema nitakikalia. Alidhani natania.

Jumanne, 17 Juni

Vumbi.

Alhamisi, 19 Juni

Vigingi vya chuma vilivyokuja na tela ni vya nchi nyingine. Udongo wa mbuga ukikauka, juu unakuwa unga na chini unapasuka nyufa za kumeza mkono. Upepo unatoka mashariki, upande wa Serengeti. Unaamka ng'ombe wanapokwenda malishoni na hauchoki mpaka jua lilegee. Jana uling'oa vigingi vyote vya upande mmoja, turubai likanipiga usoni nikiwa na kikombe cha uji mkononi. Uji wote ukanimwagikia.

Kosa lilikuwa langu. Nililiweka tela ubavu kwa upepo ili dirisha litazame ziwa. Leo nimeligeuza, pua ndiyo inatazama upepo, na ziwa nitaliona nikitoka nje kama watu wengine. Magunia nimeyajaza udongo, nimeyafukia, na kamba nimezifunga humo. Acha uje sasa.

Jioni alikuja jirani, Ng'washi. Ni mjane wa makamo yangu, ana ng'ombe na mbuzi, na mji wake ni ule wenye ua wa minyaa chini ya mwinuko. Tulisalimiana mwangaluka, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa linazama, maana Kisukuma changu kinaishia hapo. Akalizunguka tela kama mtu anayenunua dume.

"Sasa hii, dada, ni nini?"

"Ni nyumba."

"Nyumba." Akaligonga bati kwa kidole. "Mbona ina magurudumu?"

"Na wewe mbona una miguu?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Nadhani tutaelewana.

Jumatatu, 23 Juni

Watoto wa shule wakipita barabarani wananiimbia "Mkimbizi! Mkimbizi!" Wameziona hema za wakimbizi kwenye magazeti, hawajui hema nyingine. Niliwatokea na mwiko. Wamefurahi sana, kesho watakuja wengi zaidi.

Ijumaa, 27 Juni

Nimejua jinsi ya kuishi na vumbi. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, nafagia, napika chakula cha siku nzima, nafungua madirisha. Ukianza, nafunga zipu zote (nazipaka mshumaa, la sivyo zinakwama) na kutundika kanga mbichi kwenye wavu wa dirisha. Mpaka jioni kanga imekuwa rangi ya chai. Upepo ukizidi, nalishusha paa nusu na kukaa humo nimeinama kama kuku anayeatamia. Chumvi ina vumbi, mto una vumbi, na nikitafuna nasikia kijiji chote kinalia menoni. Lakini nimelala hapa kila siku.

Jumapili, 6 Julai

Alexander alikuja jana kwa basi, akaondoka leo. Alikuja na mkate na sura ya msiba.

Nilimpikia wali na samaki. Upepo ulikuwa umelala, nikamwambia aone jinsi ziwa linavyong'aa kule mbali, bluu kama la Nansio kwetu. Akasema linang'aa hata ukiwa Mwanza. Tulipolala turubai lilipiga mara mbili tatu, akakaa kitandani akiwa ameshika shuka.

"Mimi siwezi kulala ndani ya mfuko," akasema.

"Basi kaa macho."

Asubuhi alinisihi. Alisema anafundisha watu, wenzake chuoni wanamuuliza mkewe yuko wapi, aseme nini? Nikamwambia aseme yuko kwenye kiwanja chake. Alisema mwanamke wa miaka yangu hapaswi kuonekana anaoga nyuma ya turubai. Nikamwambia anayeniona naoga amepanda mti kwa makusudi, na hapa hakuna mti.

Aliondoka bila kunywa chai. Naandika hivi na nimekasirika, lakini pia nilitaka abaki. Ningemwonyesha kuzungusha ule mkono wa paa, ana mikono mizuri kwa kazi kama hiyo.

Jumanne, 15 Julai

Nimeleta cherehani. Wanawake wanakuja na nguo asubuhi. Wamechungulia ndani wote, kila mmoja amefungua kabati.

Jumatatu, 21 Julai

Msimu wa pamba umechangamka. Zamani alikuwepo mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na mlilalamika wote pamoja. Sasa wanunuzi ni wengi, kila mmoja na mizani yake na spika yake, na unalalamika peke yako.

Mmoja wao anaitwa Elias. Leo alisimamisha lori, akapanda hapa mwinukoni akiwa amevaa viatu vinavyong'aa. Alinisalimia vizuri, sina la kusema kwa hilo. Akaniambia waziwazi kwamba mahali hapa panamfaa kwa ghala la pamba, kwa sababu lori litafika hata mvua zikinyesha. Ameshazungumza na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Malimi.

"Pana mtu hapa," nikamwambia.

"Namwona, mama. Lakini nyumba siioni."

"Umeegemea mlango wake."

Akaondoa mkono, akaukung'uta vumbi. Akasema kiwanja ni cha anayekaa, na anayepiga kambi hakai, anapita. Mvua ya kwanza tu, akasema, nitalifunga hema langu na kuondoka kama wazungu walioliuza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Malimi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha, akazungumzia joto, ng'ombe na goti lake. Nilipotaja kiwanja akasema baraza litakaa mwezi wa kumi, litaamua. Na Elias, je? Akasema Elias ameahidi kupaua darasa. Sasa namjua. Amenunuliwa kwa mabati.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimedhani nakufa.

Upepo ulikuja mapema, na haukuja peke yake. Niliona kisulisuli kinatoka mbugani, kirefu, chekundu, kinazunguka mabua ya mahindi na karatasi na sijui kuku wa nani. Nikazungusha mkono wa paa haraka, ukakwama na mchanga katikati. Paa halipandi, halishuki. Kikanifikia.

Turubai la upande wa kitanda lilichanika kwa mlio kama bunduki. Nikaruka juu ya kitanda, nikalishika pindo kwa mikono miwili na kulilalia. Tela lote lilinyanyuka gurudumu moja, likatua, likanyanyuka tena. Nilipiga kelele. Sikuomba Mungu kama inavyopasa, nilimtukana upepo na mama yake aliyemzaa. Sijui ilichukua muda gani, kwa maana baada ya kisulisuli kupita upepo wa kawaida ulibaki, mkali, na turubai lililochanika lilipiga bati pwa, pwa, pwa mpaka alasiri. Masikio bado yanalia.

Halafu nimefanya nini? Nimetoa cherehani. Nimeshona kiraka cha gunia la sukari, mshono mara tatu, kama tulivyokuwa tunashona kiwandani magunia ya kusafirisha. Vidole vinatoka damu. Kiraka kina maandishi mekundu, kinasomeka kutoka barabarani. Elias akipita asome.

Ijumaa, 8 Agosti

Ajabu. Nimekwenda kisimani, nimesalimia, hakuna aliyeitikia. Wanawake sita, hakuna hata mmoja.

Jumamosi, 9 Agosti

Dukani nimeomba kiberiti. Mwenye duka amenitazama kama ukuta. Viberiti viko nyuma yake, navihesabu kwa macho. Nimetoka bila kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mashine ya kusaga vilevile. Ngosha, kamanda wa sungusungu wanaolinda kijiji, amepita na upinde wake barabarani. Nikamwita kwa jina. Hata hakugeuza shingo. Na watoto hawaniimbii tena mkimbizi. Sikujua kwamba ningeutamani wimbo ule.

Ni Elias. Amewanunua wote, hata wale niliowashonea sare za watoto wao. Basi sawa. Nimekula muhogo mbichi na sijasogea. Nitakaa hapa nikiwa nimesusiwa mpaka mvua, nisemeshe kuku.

Alhamisi, 14 Agosti

Kumbe mimi ni mjinga, na wao pia wana mambo yao.

Asubuhi Ng'washi alikuja na mbuzi mwenye kamba. Hakunitazama. Akamfunga karibu na mlango wangu, akachuchumaa, akaanza kumsemesha kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano.

"Wewe mbuzi, sikiliza. Siku ile ya upepo, wezi walichukua ng'ombe wa Ngosha. Yowe likapigwa. Kijiji chote kikatoka, mpaka wazee, mpaka mimi na mguu wangu. Huyu wa hapa hakutoka. Umenielewa, mbuzi?"

Mbuzi alikuwa anakula kamba yangu.

"Mkazi asiyetoka kwenye yowe anatengwa. Hasalimiwi, hauziwi, hapewi moto. Akikusemesha ukamjibu, unatengwa na wewe. Ndiyo maana mimi nasema na mbuzi. Mbuzi hatengwi."

Nikafungua mdomo, akainua mkono juu, bado anamtazama mbuzi.

"Akitaka yaishe, anapeleka mbuzi kwa kamanda, anachinjwa, wanakula wote. Yanaisha. Lakini yeye ni kichwa ngumu, mbuzi. Anafikiri ni mambo ya lori la pamba. Lori lenyewe siku hiyo lilikuwa hapo dukani, na mwenyewe amekaa ndani amefunga vioo, anatutazama tunavyokimbia."

Akaondoka na mbuzi wake.

Nilikaa kwenye ngazi ya tela. Yowe gani? Nilikuwa nimelalia turubai, nilikuwa sisikii hata sauti yangu! Hasira ilinipanda. Silipi, nikasema. Sikukataa kutoka, sikusikia. Kwa nini nilipe kwa kosa la upepo?

Jumapili, 17 Agosti

Nimelipa.

Sikulipa kwa woga. Nimefikiri siku tatu, nikaona kwamba ng'ombe wa Ngosha wamekwenda kweli, na mwanawe amerudi na jeraha la mkuki begani. Nikasema sawa, upepo ulinizuia, lakini yeye yule aliyejeruhiwa upepo haukumzuia. Nimenunua mbuzi mnadani Magu, nimemburuta mwenyewe.

Ngosha alimpokea bila neno. Mbuzi alipochinjwa na nyama ya kwanza kuiva, akakata kipande cha ini, akanipa mkononi. Ndipo akasema, "Habari za kwako, mama?"

Nikamwambia nzuri, na kwamba angeweza kutuma mtu aniambie kosa langu badala ya kuninyima kiberiti.

"Mkazi haambiwi yowe," akasema. "Anajua."

"Turubai linapiga kelele, kamanda."

"Basi ukiona vumbi, chungulia. Utaona tunakimbia."

Ng'washi alinisemesha njia nzima ya kurudi, kwa pupa, kama bomba lililokuwa limeziba.

Jumanne, 2 Septemba

Upepo. Nachungulia kila saa. Nimeona ng'ombe wanapita, nimetoka na panga, kumbe wanakwenda kunywa maji. Wachungaji wamecheka mpaka leo.

Alhamisi, 11 Septemba

Hakuna wingu. Ng'washi amepoteza ndama wawili kwa kiu. Tumekaa naye tu.

Jumatano, 24 Septemba

Barua ya Alexander. Anauliza hali ya hewa. Nimemjibu kwa neno moja, lile la tarehe kumi na saba Juni.

Jumamosi, 4 Oktoba

Baraza limekaa leo chini ya paa la darasa ambalo halina paa. Nilivaa gauni la kanisani. 

Mzee Malimi alifungua, kisha akampa Elias nafasi. Elias anajua kusema. Alisema hana ugomvi na mama. Alisema sharti la kijiji ni kukaa, na kukaa maana yake ni kuwa mkazi. Je, mtu mwenye nyumba ya magurudumu ni mkazi? Ni mgeni anayepiga kambi, tumheshimu kama mgeni. Halafu akasema:

"Mume wake, Bwana Alexander, nimeonana naye Mwanza. Ameniambia kwa kinywa chake, mke wangu yuko kule matembezini tu, mvua zikianza anarudi nyumbani."

Watu wote walinigeukia. Aibu ikanishika. Upepo haukunifanyia hivyo, wala kutengwa hakukunifanyia hivyo. Matembezini! Mimi niliyekula vumbi tangu Juni! Nilitaka kulia, na najua ningelia pale Elias angeshinda. Nikasimama.

"Mwenyekiti, ya mume wangu nitaongea naye mwenyewe. Naomba nimwulize kamanda."

Malimi akaruhusu. Ngosha akasimama na upinde wake.

"Kamanda, mwezi wa nane nilikuita kwa jina barabarani. Uliitika?"

"Sikuitika."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umetengwa. Hukutoka kwenye yowe."

"Na Bwana Elias siku hiyo alikuwa wapi?"

"Dukani. Ndani ya lori."

"Alitoka?"

"Hakutoka."

"Mlimtenga?"

Ngosha akashangaa kabisa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumtoza ng'ombe kodi. "Tumtenge kwa lipi? Huyu ni wa kupita. Mgeni hatengwi."

Nyuma Ng'washi ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wanawake wa kisimani. Halafu kicheko kikaenda mstari kwa mstari mpaka mbele. Niliongeza sauti juu ya kicheko.

"Mlininyima chumvi! Mlininyima kiberiti! Mbuzi wangu mlimla, na mifupa mkatafuna! Mlifanya hivyo kwa mgeni?"

"Tena," akasema Ngosha, ambaye sasa alikuwa amelielewa na limempendeza, "mgeni huletwa kwangu na mwenyeji wake, anasema huyu ni wangu. Huyu mama nani amemleta? Hakuna. Amekaa mwenyewe."

Elias alianza kusema habari za magurudumu. Mzee Malimi akamnyamazisha kwa mkono. Alikuna goti lake. Nilikuwa nimemwandika humu kwamba amenunuliwa kwa mabati, na labda alikuwa njiani kununuliwa, sijui. Lakini alisema: "Mbuzi hata mimi nilimla. Siwezi kumtapika." Akasema kiwanja kina mtu. Akamwomba Elias, kwa adabu sana, kwamba ahadi ya darasa isibadilike, kwa kuwa aliitoa kwa kijiji na si kwa kiwanja.

Sijui kama italetwa. Mimi nimerudi kwenye tela langu nikalia hapo, ambapo hakuna wa kuona, kwa furaha na kwa Alexander.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua! Imenyesha mchana kutwa. Mbuga imelainika, lori la pamba la mtu mwingine limezama mpaka ekseli. Hapa mwinukoni ni pakavu chini ya magurudumu. Vyura wametoka sijui wapi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Alexander amekuja. Nilimwona kwa mbali akivuka mbuga na suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, sanduku kichwani, mvua inampiga. Basi limekwama Magu, ametembea na kuomba lifti ya trekta. Alipofika alikuwa anatweta. Nikabaki nimesimama mlangoni.

"Nimesikia umeshinda," akasema.

"Nimesikia niko matembezini."

Akainamisha kichwa. Akasema yalikuwa maneno ya kahawa tu, alikutana na yule bwana, akaona haya, akasema la kuondoa haya. Alisema amekuja kukaa likizo yote, na baada ya hapo kila Ijumaa. Alisema amejuta. Namwamini. Lakini kuamini hakuondoi hasira mara moja.

"Nenda kwanza kwa kamanda ukaripoti," nikamwambia.

"Na mvua hii? Mina, mimi ni mumeo."

"Mwambie hivyo."

Alikwenda. Walirudi pamoja, Ngosha amejifunika gunia, Alexander analowa nyuma yake. Ngosha akasimama nje kwa heshima.

"Mama, nimemkuta huyu bwana anazunguka. Anasema ni wa kwako. Unamjua?"

Nikamtazama. Nywele zimelala, miguu ina tope mpaka juu, na sanduku lile ni lile nililoolewa nalo. Nilichelewa kujibu kwa makusudi.

"Namjua," nikasema.

"Ni mkazi au mgeni? Nijue kama yowe likipigwa nimngoje."

Alexander aliniangalia. Nadhani hajawahi kungoja neno langu hivyo tangu siku ya posa.

"Mgeni," nikasema. "Kwa sasa."

Ngosha akakubali, akaenda zake. Nimempa Alexander shuka kavu na chai, na nimemwonyesha kitanda cha upande unaopigwa na mvua.